Breki zikilia, usiongeze sauti ya redio

Nimeadimika wiki mbili hizi, si mnajua tena, testi mbili mfululizo na kazi ya kikundi ambayo kikundi chenyewe kilibaki mimi na binti mmoja wa Kemia. Yamepita, tumshukuru Mungu, tusubiri matokeo.

Leo siongelei bumu wala foleni ya mgahawani. Naongelea breki za gari. Najua kuna watakaoguna: huyu dada gari hana, leseni yenyewe kaipata mwaka jana, breki zinamhusu nini? Zinanihusu kwa sababu kila siku napanda magari ya watu, kama nyinyi. Na nimechoka kukaa kiti cha mbele kwenye gari linalolia kama mbuzi anayepelekwa machinjoni, huku dereva anaongeza sauti ya redio, eti "hilo vumbi tu, litaacha lenyewe".

Ugumu ni kwamba wakati mwingine kweli ni vumbi tu. Wakati mwingine ni bati linakula bati. Masikioni mwa abiria zote mbili ni kelele, na dereva wetu ana jibu moja kwa zote.

Maoni yangu nayatoa mapema ili asiyetaka kusoma mpaka chini aondoke nayo: breki inayolia iangaliwe kwanza, kunyamazishwa baadaye. Na kuiangalia kunawezekana nyumbani kwako, kwenye sakafu ya sementi, kwa jeki, spana ya tairi na tochi ya simu, ndani ya nusu saa. Fundi anayeinyamazisha bila kukuonyesha ilikuwa inalia nini amekuuzia ukimya, na ukimya wa breki unaweza kuwa bidhaa ghali sana.

Nitoe mfano niliouona kwa macho yangu. Binamu yangu anakaa Changanyikeni, ana IST, na ndiyo gari la ukoo. Harusi hiyo hiyo, msiba hiyo hiyo, mtoto akiumwa usiku hiyo hiyo. Mwezi wa tatu ilianza kupiga mluzi mwembamba mbele kushoto. Gari likitembea tu, hata hajagusa pedali, mluzi. Akapeleka kwa fundi (simtaji, maana wa namna yake wako wengi). Fundi akafungua tairi, akatoa pedi, akazipiga msasa, akarudisha, akachukua sh. 15,000. Kelele kwisha. Binamu akafurahi, akatusimulia wote kwamba kapata fundi mkali.

Ikapita kama miezi miwili. Sauti ikarudi, ila safari hii haikuwa mluzi. Ilikuwa inasaga, kama mtu anaburuta sufuria tupu kwenye sakafu. Na Ijumaa ile tulitakiwa kwenda Lushoto kwenye arobaini ya babu, watu watano na mizigo.

Baba mdogo, ambaye aliendesha malori miaka mingi kabla ya kustaafu, alisikia gari linaingia getini akasema hakuna mtu kwenda popote mpaka tairi litoke. Tochi akashika yeye, jeki akanipa mimi: "Haya mwalimu, tuonyeshe hiyo fizikia." Tulichokuta ndicho kilichonifanya niandike haya. Kila tairi la mbele lina pedi mbili, moja kila upande wa diski. Pedi ya nje ilikuwa na nyama ya kutosha, kama milimita 5. (Nyama naita ile sehemu nyeusi inayolika.) Pedi ya ndani, ile ya upande wa injini ambayo huioni ukichungulia kwenye rimu, ilikuwa imekwisha kabisa. Bati tupu linachimba diski, mitaro unaipapasa kwa kidole.

Kuna kitu kingine. Pedi nyingi za magari madogo zina kaulimi ka bati kamepinda pembeni. Kazi yake ni moja tu: nyama ikibaki kama milimita 2 hivi, kaulimi kanaanza kugusa diski na kupiga mluzi, ili dereva ambaye hana habari apate habari. Huo ndio mluzi wa mwezi wa tatu. Kwenye ile pedi ya binamu kaulimi hakakuwepo. Kalikatwa kwa koleo. Kangevunjika kenyewe kangeacha ncha imechongoka, lakini pale palikuwa pamenyooka kabisa kama umekata kucha.

Yaani fundi alisikia ujumbe, akauelewa vizuri sana, kisha akamkata ulimi mjumbe.

Mnisamehe nikiingiza somo kidogo, ndiyo fani yangu. Gari la kilo 1,000 likiwa kwenye 60 lina nishati ya mwendo kama kilojuli 139. Ukisimama, nishati ile yote lazima iende mahali, na sehemu kubwa inakwenda kwenye diski na pedi ikiwa joto. Ingetosha kuchemsha vikombe viwili vya chai kutoka maji ya bomba mpaka yatokote. Ukiwa kwenye 30 ni robo yake tu, chini ya kilojuli 35, kwa sababu mwendo kwenye ile kanuni unazidishwa kwa wenyewe. Sasa chukua barabara ya Lushoto. Kutoka Lushoto mjini mpaka Mombo unashuka karibu mita 1,000 kwa kona, ukuta upande huu, korongo upande ule. Ukiteremka na gari hilo kwa kutegemea breki peke yake unazikabidhi kama megajuli 9.8. Ni sawa na kusimama kutoka 60 mara 70, au kuchemsha ndoo moja na nusu ya maji. Kwa pedi moja ya bati tupu! Ndiyo maana baba mdogo hakutaka kusikia habari za Ijumaa. Tulikwenda Jumamosi, na wakati wa kurudi alishuka kwa gia ndogo mwanzo mpaka mwisho, injini ndiyo inashika gari, breki anazigusa kwenye kona tu. Kila abiria alilalamika kwamba tunakwenda kama maandamano.

Turudi kwenye kelele zenyewe, kwa sababu kuna kelele na kelele.

Wale mliokwenda BTP mnaijua ile sauti ya chaki inayofanya darasa zima lizibe masikio. Chaki ndefu ukiishika mbali na ncha, inashika ubao, inateleza, inashika, inateleza, mara nyingi mno kwa sekunde, na mtetemo ule ndiyo yowe. Ukiivunja katikati au ukibadilisha pembe, inanyamaza. Pedi kwenye diski ni chaki kwenye ubao. Kwa hiyo kuna kulia ambako ni mtetemo tu: pedi mpya hazijazoea diski, pedi ni za aina ngumu, vumbi limejaa, au vile vibati vyembamba vya mgongoni mwa pedi fundi alivitupa akisema havina kazi. Gari la namna hiyo linakera majirani lakini linasimama. Msasa hapo unaweza kusaidia kweli, sikatai. Ninachokataa ni msasa kutumika kabla mtu hajajua analolipiga msasa.

Swali la kwanza la kujiuliza ni lini inalia. Mimi siku hizi ndilo namuuliza kila anayeniambia breki zake zina kelele, na nusu yao hawajui, maana hawajawahi kusikiliza. Zima redio. Fungua madirisha. Pita taratibu kando ya ukuta mrefu, ukuta unakurudishia sauti vizuri kuliko uwanja wazi. Halafu sikiliza: inalia ukikanyaga, au inalia ukiwa hujakanyaga?

Ikiwa ni asubuhi tu, baada ya mvua ya usiku au baada ya kuosha gari, na inaacha ukishakanyaga mara tatu nne, hiyo ni kutu. Diski ni chuma cha kawaida, inashika kutu laini usiku mmoja tu, pedi zinaifuta. Nenda zako kazini. Ikiwa ni kukwaruza kulikoanza ghafla baada ya kupita barabara ya kokoto, kama zile za ndani huku kwetu, yawezekana ni jiwe dogo limekwama kati ya diski na bati lililo nyuma yake. Kelele inatisha kuliko ugonjwa. Rudi nyuma taratibu mita chache, pengine litaanguka lenyewe, lisipoanguka toa tairi ulichokoe. Nimeshasikia mtu ametozwa hela ya beringi kwa ajili ya kokoto. Beringi yenyewe ina sauti yake, mvumo unaopanda na mwendo na kubadilika ukikata kona, na haijali umekanyaga breki au hujakanyaga.

Mluzi mwembamba gari likitembea, mara nyingi unabadilika au kukatika ukikanyaga: hapo shuku kaulimi, na usisubiri mwisho wa mwezi. Kusaga ukikanyaga: bati. Hapo hakuna mjadala, gari lisitembee. Pedali ikitetemeka mguuni na usukani nao ukitikisika, diski imelika vibaya, unene wake hauko sawa mzunguko mzima. "Tak" moja ukikanyaga baada ya kurudi nyuma ni pedi inacheza kwenye nafasi yake, klipu zake zimepotea au zimechoka. Na kama tairi moja linatoa joto kuliko mwenzake baada ya safari fupi (sogeza mgongo wa mkono karibu, usishike!), kuna kitu kimeganda, pedi inabana muda wote hata wakati hujaiagiza.

Nyuma sisemi sana. Vigari vingi vidogo tunavyopanda hapa mjini vina diski mbele na drami nyuma, na drami ina springi ambazo zikichomoka hujui zilikuwa zinakwenda wapi. Hizo mwachieni anayezijua.

Haya, kufungua. Mahali pawe tambarare na pagumu, mchanga haufai kabisa, jeki inazama. Handbreki juu, gia kwenye P au namba moja, weka kabari au tofali nyuma ya matairi ya nyuma. Nati zilegeze robo mzunguko kabla ya kuinua, siyo baada. Jeki iwekwe mahali pake, kuna alama chini ya mlango. Ile jeki ya kwenye buti imetengenezwa kwa kubadilishia tairi tu, kwa hiyo gari likishapanda weka stendi. Kama huna stendi, tairi ulilotoa lilaze chini ya ubavu wa gari, na mwili wako usiingie chini kwa sababu yoyote ile. Hapa sitanii. Gari likiteleza kwenye jeki halitoi mluzi wa kukuonya.

Kata usukani upande mmoja ili uone vizuri. Ile nyumba ya chuma iliyokumbatia diski ndiyo kalipa, na juu yake kuna dirisha, mulika tochi. Utaona pedi mbili, ya nje na ya ndani. Angalia ZOTE MBILI. Kipimo changu ni penseli ya kawaida ya shule, unene wake ni kama milimita 7. Pedi mpya inazidi penseli. Pedi iliyobaki nusu ya penseli, nenda kanunue. Chini ya hapo ulishachelewa. Kama ya ndani na ya nje zinapishana sana, kama za binamu, kubadilisha pedi peke yake ni kutupa hela, kwa sababu kuna kilichoganda na pedi mpya italiwa hivyo hivyo.

Kwenye ile IST kilichoganda kilikuwa pini. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili na kuivuta ya nje, diski inabanwa kutoka pande zote. Pini zikikauka grisi na kushika kutu, kalipa haitelezi, pedi ya ndani inafanya kazi ya wawili. Kimpira cha kufunika pini kilichanika, vumbi na maji vikaingia, mambo yakaishia hapo. Aliyezipiga pedi msasa mwezi wa tatu alizishika pini zile kwa mikono yake, maana hutoi pedi bila kuzifungua. Grisi kidogo tu ingetosha.

Ukitaka kuendelea mwenyewe, fanya upande mmoja kwanza, mwingine ubaki mzima uwe kielelezo, na piga picha kila hatua. Boli ya chini ya kalipa, mara nyingi spana namba 14 kwenye Toyota ndogo, ikitoka unaipandisha kalipa juu kama mfuniko wa kikapu. Ukiitoa yote, ifunge kwa waya, isining'inie kwa mpira wa mafuta. Pini zichomoe, zifute, pitisha grisi ya breki nyembamba. Nasema grisi ya breki, ile inayovumilia joto na haiharibu mpira, maana grisi ya kawaida inavimbisha vimpira na joto likipanda inayeyuka. Kabla ya kurudisha pistoni ndani, fungua kikopo cha mafuta ya breki uangalie kama kimejaa, kwa sababu mafuta yatarudi juu na yakimwagika yanababua rangi ya gari. Pistoni isukume taratibu. Grisi isiguse uso wa pedi wala diski. Pedi zinabadilishwa kushoto na kulia kwa pamoja hata kama ya upande mmoja inaonekana nzuri, vinginevyo gari litavuta. Diski imepigwa chapa ya unene wa chini unaoruhusiwa, MIN TH kwa milimita. Ikifika hapo haichongeshwi tena, inabadilishwa. Ukimaliza, kabla gari halijatembea hata futi moja, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Mara ya kwanza itazama yote, pistoni iko mbali. Watu wamegonga ukuta wa nyumba zao wenyewe kwa kusahau hilo.

Na vumbi usilipulize, kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Lifute kwa kitambaa kilicholowa au brashi na maji ya sabuni. Hapa kuna historia ambayo nilikaa nayo maktaba jioni nzima badala ya kusoma nilichotumwa. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki za diski mwaka 1902. Pedi zake zilikuwa za shaba, na kilichowashinda watu ni kelele. Muda si mrefu dawa ikapatikana, pedi na shuu zikaanza kutengenezwa kwa asbesto, na breki zikatulia. Asbesto ikapendwa kwa miongo mingi, nayo ikaua watu kwa magonjwa ya mapafu, wakiwemo waliokuwa wanaivuta kwenye vumbi la kazini. Japani, tunakotoa magari yetu mengi, ilipiga marufuku pedi na laini za breki zenye asbesto mwaka 2004. Magari ya kabla ya hapo bado yanatembea mitaani kwetu, na spea za mtumba hazina cheti cha kuzaliwa. Kwa hiyo ukimwona kijana wa gereji anapuliza drami kwa kompresa huku kainamia, mwambie. Mimi huwa nawaambia. Wengine wananicheka, mmoja alianza kuloweka kitambaa.

Ukimya huu wa kununuliwa una ndugu yake kwenye dashibodi. Ile taa nyekundu ya breki. Pedi zikilika, pistoni zinatoka zaidi, mafuta yanashuka kwenye kikopo, taa inawaka. Dereva anaongeza mafuta, taa inazima, anashukuru. Hakuna aliyeuliza yale mafuta yalikwenda wapi. Aidha pedi zimekwisha au kuna mahali yanavuja, na kikopo kilichojazwa tena kimekuficha majibu yote mawili. Tena wengine wanaongeza mafuta ya injini! Hayo yanavimbisha mipira yote ya mfumo, na kuusafisha ni gharama ya kuuza mbuzi. Kwenye kifuniko imeandikwa DOT 3 au DOT 4, soma. Mafuta hayo yanafyonza unyevu wa hewani: DOT 3 mbichi inachemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, ikishanyonya maji kiwango chake kinaruhusiwa kushuka mpaka 140. Ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabanwa, pedali inazama. Fikiria hilo ukiwa kona ya kumi ya kuteremkia Mombo.

Najua hoja ya upande wa pili, Kaka Mussa wa chumba cha jirani amenipigia kelele nayo wiki nzima: breki si kitu cha kujifunzia, utaua watu. Nusu yake naikubali. Pedali ikizama, mafuta yakivuja, gari likivuta upande mmoja, taa ya ABS ikiwaka, mimi mwenyewe nafunga boneti na kuita fundi aje na vifaa vyake nyumbani. Ila nusu nyingine inachanganya kutengeneza na kuangalia. Hakuna aliyekufa kwa kumulika tochi kwenye pedi zake. Kinachoua ni kutoangalia kabisa, na kumwamini mtu kwa sababu tu ana ovaroli lenye mafuta.

Hoja nyingine ni kwamba tunawaharibia mafundi riziki. Mafundi wazuri hawaogopi mteja anayejua pedi ya ndani na ya nje. Kuna mzee mmoja anafanyia kazi zake chini ya mwembe, huwa anakukabidhi pedi zako za zamani kwenye gazeti kabla hujamlipa, ukitaka kuzitupa utazitupa mwenyewe. Huyo hapungukiwi wateja. Anayepungukiwa akiulizwa maswali ni wa koleo.

Na kwa sisi akina dada hili lina uzito wake zaidi. Nimeshakwenda gereji na binamu yangu, gari lake, hela yake, fundi anamweleza ugonjwa mvulana wa miaka 15 tuliyemkuta amesimama pale. Siku hizi naanza mimi: "Shikamoo fundi. Ya ndani imebaki milimita ngapi?" Mazungumzo yanabadilika papo hapo. Bei nayo inabadilika.

Hesabu ya binamu ilikuwa hivi: pedi peke yake mwezi wa tatu zingekuwa sh. 40,000 hivi na grisi. Mwezi wa tano ilikuwa pedi, diski mbili za Ilala, vimpira vya pini na mafuta mapya, jumla sh. 190,000, ukiacha ile 15,000 ya msasa. Ile pedi yenye kaulimi kalikokatwa ninayo chumbani, naitunza, nitakwenda nayo BTP nikifundisha msuguano. Wanafunzi wangu wataishika na kuipitisha dawati kwa dawati.

Jumamosi baba mdogo anakuja tena Changanyikeni kufungua drami za nyuma, saa mbili asubuhi kabla jua halijawa kali. Kaniruhusu nije na watu wanne, siyo zaidi, anasema hataki mhadhara. Anayetaka aniambie kabla ya Alhamisi, avae nguo za kuchafuka, siyo za kutokea, na aje na tochi inayowaka. Penseli nitaleta mimi.